Nyumba ya Keringet Iliyojengwa Barut

Bondeni, Nakuru
Jumapili, tarehe 15 Machi

Baba mpendwa,

Chamgei. Natumaini barua hii inakukuta mzima, umevaa koti lako la kijani na miwani iko puani, si mfukoni. Mimi huku sijambo, nakula, nalala, na kanisani nimeenda leo asubuhi, kwa hivyo hilo usiulize. Mama anaendeleaje? Magoti yake je? Viazi vya shamba la chini vimeshaanza kutoa majani? Na yule ng'ombe mweupe aliyekuwa hakubali kukamwa na mtu mwingine isipokuwa wewe, ameshazoea mkono wa Mama au bado anamringia?

Barua hii nitampa Cherop, maana kesho analeta viazi sokoni na atarudi Keringet na pikapu tupu. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Baba, wewe kwenye simu huongea hadi majirani wa ng'ambo ya mto wanapata habari, halafu ukisikia neno usilolipenda unasema mtandao umepotea. Karatasi haipotezi mtandao. Tena najua utamsomea Mama kwa sauti mkishakunywa chai, kama ulivyotusomea barua za watu wote tangu tukiwa wadogo, na mimi napenda kuandika nikiisikia sauti yako.

Krismasi uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi, na mimi mbele ya wajomba nikajibu kwa Kiingereza kirefu, ukasema kumbe hata mimi sijui. Niliumia kidogo. Sasa ngoja nikujibu vizuri.

Kazi yetu ni kukadiria hatari ya nyumba kupata joto kupita kiasi, sasa na miaka ijayo. Mkubwa wangu anaitwa Daktari Wamaitha. Si daktari wa sindano, ni daktari wa majengo, ingawa watu wa Bondeni wamekataa kabisa kulielewa hilo na kila tukipita wanamwonyesha miguu iliyovimba. Tulipewa vipimajoto sitini na kimoja, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, tukavitundika katika nyumba sitini. Kila nusu saa kinaandika joto la chumba, chenyewe, bila kumsumbua mtu. Ziada kilikuwepo kimoja, nikakitundika katika chumba changu cha mabati, kwa kujifunza.

Ilionekana kazi rahisi mpaka tulipokutana na Mama Akoth. Huyu ni jirani yangu wa mlango wa tatu, mjane wa mtu wa reli, na nyumba yake ni moja ya zile za zamani za kanjo, yaani za baraza la mji, zenye kuta nene. Nilitundika kipimajoto chake kwenye msumari katikati ya ukuta, nikamweleza asikiguse, akaitikia kila neno. Baada ya wiki tatu tukasoma takwimu zake, na Daktari Wamaitha akavua miwani, akaivaa tena. Nyumba zote za Bondeni hupanda mchana na kushuka usiku. Ya Mama Akoth ilikuwa imetulia tu, haipandi wala haishuki. Daktari akaanza kusema juu ya unene wa mawe na jinsi mafundi wa zamani walivyokuwa na akili, akataka kuiandikia ripoti yake peke yake, akanituma nikaipige picha.

Nilipofika, msumari ulikuwa mtupu. Mama Akoth akanipeleka kwa fahari hadi kwenye kabati la vioo. Kipimajoto kilikuwa ndani, nyuma ya vikombe vya harusi, kimelazwa juu ya kitambaa cha kufuma na kufunikwa kitambaa kingine cha manjano alichokifuma kwa ajili yake, saizi yake kamili. Alinieleza kwamba mgeni aliyeletwa na watu waliosoma haachwi kwenye msumari apigwe na vumbi. Baba, katika nyumba hiyo redio ina kitambaa, mtungi wa gesi una kitambaa, na mimi ndiye mjinga niliyedhani kipimajoto kitaachwa uchi. Daktari Wamaitha alicheka mpaka akashika meza, kisha akafuta kurasa mbili alizokuwa ameshaandika.

Halafu kuna Maxwel, fundi wa viatu, ambaye nyumba yake ilikuwa ikifika digrii hamsini kila jioni saa moja. Alikuwa amekihamishia chake juu ya jiko, maana alisikia kwamba nyumba zenye joto zaidi zitawekewa dari bure. Nilipomwambia hakuna dari, akaniuliza kama basi ugali wake umepimwa bure. Kutoka hapo nikajua huwezi kupima joto la nyumba bila kuwajua wanaoishi ndani.

Sehemu ya pili ya kazi ndiyo ngumu. Tukishajua nyumba ilivyo leo, tunaiingiza kwenye kompyuta, mawe yake, paa lake, madirisha, watu wanaolala humo, kisha tunaiwashia jua la miaka ijayo. Mimi nilidhani kuna mahali pameandikwa hali ya hewa ya mwaka elfu mbili na hamsini, na sisi tunaenda kuisoma. Hakuna. Wataalamu wenyewe hawakubaliani, mmoja anasema joto litaongezeka digrii moja, mwingine mbili na nusu, na hakuna anayejua watu wa dunia hii wataendelea kuchoma mafuta kiasi gani. Kwa hivyo tunatengeneza miaka mia ya kubuni, mingine ya upole na mingine mikali, na nyumba inaipitia yote mia. Halafu tunahesabu ni miaka mingapi ambayo chumba kilipata joto la kumdhuru mtu. Hatusemi itakuwa hivi. Tunasema ni mara ngapi kati ya mia.

Nilipomwambia Daktari kwamba jambo hilo linanichanganya, aliniuliza kwetu tunalima nini. Nikamweleza unavyopanda viazi, nusu ya shamba la chini mwanzo wa Machi, nusu nyingine wiki tatu baadaye, na kile kipande cha juu unakiwekea mbegu ya aina nyingine, kwa sababu hujui mvua itaanza lini wala ile baridi ya alfajiri inayochoma majani itashuka siku gani. Ukiulizwa mvua inakuja lini unasema hujui, na bado unaingia shambani na jembe. Daktari akaweka kalamu chini akasema wewe umefanya kazi yake miaka arobaini bila kompyuta. Nilijisikia vizuri siku hiyo, Baba. Niliringa mpaka jioni.

Basi mwezi wa Januari akanipa zoezi. Nichukue nyumba yoyote ninayoijua vizuri, niipitishe katika ile miaka mia. Mimi ninaijua nyumba moja tu kwa urefu na upana, ile unayojenga Barut, huku Nakuru, ili Mama awe karibu na kliniki, ile uliyonikabidhi niisimamie na Kigen fundi. Nikatoa ule mchoro wako wa nyuma ya kalenda, nikauingiza wote bila kupunguza kitu.

Nikuambie ukweli, ni mchoro mzuri. Kuta ni fupi ili joto lisipotee juu bure. Madirisha ni ya ukubwa wa sinia na yote yameupa upepo mgongo. Vyumba vya kulala viko magharibi vishike jua la jioni, na sebuleni kuna meko ya kuota moto na bomba lake. Ukiisimamisha nyumba hiyo Keringet, hata mbunge atakuja kuiangalia. Lakini Barut si Keringet. Huku Februari mabati hayagusiki kuanzia saa nne asubuhi. Na watu wetu walioshuka kutoka milimani wamejenga hivyo hivyo wote, nimewatembelea nyumba kwa nyumba. Jioni wanatoa viti nje, wanakaa kwenye kivuli cha ukuta wakingoja nyumba zao zipoe waingie. Hakuna anayelaumu nyumba. Wanalaumu Februari.

Kompyuta ilisema chumba chenu cha kulala, kama ulivyokichora, kitazidi kiasi katika miaka arobaini kati ya mia. Nikaona si vibaya sana. Daktari akaangalia, akauliza nani atalala humo. Nikasema wazazi wangu. Akauliza kama kuna mgonjwa, nikasema Mama ana presha. Akanieleza kwamba joto analolivumilia kijana kwa kujipepea linaweza kumwangusha mtu anayekunywa dawa za presha, kwa hivyo nishushe kipimo. Nikashusha, ikawa sitini na mbili. Kisha akauliza kama madirisha hayo hufunguliwa usiku, maana nilikuwa nimeiandikia kompyuta kwamba yanafunguliwa. Nikacheka. Nikamwambia kwetu saa kumi na mbili kila kitu kinafungwa, na dirisha hufunguliwa Desemba wakati wa kupaka rangi. Akasema basi niiambie kompyuta ukweli. Ikawa themanini na saba. Themanini na saba kati ya mia, Baba, na hapo sikucheka tena.

Kuanzia hapa nakuomba usome kimya kimya. Mwambie Mama zimebaki habari za kazi, zinachosha. Nitakuambia mambo mawili, na ukitaka kukasirika, kasirika baada ya la pili.

La kwanza ni kwamba nimebadilisha nyumba yako bila kukuuliza. Wiki mbili zilizopita nilimwambia Kigen aongeze mistari mitatu ya mawe kwenye kuta zote. Nikamwambia aache matundu mapana chini ya paa, yenye wavu wa mbu, yatakayokaa wazi mchana na usiku bila kungoja mtu ayafungue. Upande wa magharibi nimemwambia paa litoke nje, iwe veranda ya kuzuia jua la jioni. Na meko ya sebuleni, Baba, hayapo. Mawe yake ndiyo yaliyoongezwa ukutani. Kigen alikataa siku nzima. Alikaa juu ya ndoo ya simiti akaniambia, "Madam, mzee akikuja hapa atanizika na hii simiti yangu mwenyewe." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, atanizika mimi kwanza. Nilipoirudisha nyumba kwenye kompyuta, ile themanini na saba ilishuka hadi ishirini na mbili. Si sifuri. Nyumba ya sifuri haipo, na mtu akikuambia ipo, huyo anauza kitu.

Nilipaswa kuja nyumbani nikuulize. Ningeweza kusubiri. Sikusubiri kwa sababu ya jambo la pili, na hilo sikulipata kwenye kompyuta.

Unakumbuka Mama alipokuja kliniki mwanzoni mwa Februari, tukakuambia amebaki siku mbili zaidi kwa sababu ya semina ya akina mama kanisani. Hakukuwa na semina. Siku ya pili yake hapa alikuwa chumbani kwangu mchana, amekaa kitandani akichambua maharagwe, na mimi nilikuwa nje nikifua. Nikasikia karai likianguka. Nilipoingia nilimkuta chini, macho yamefunguka lakini hanioni, ngozi imekauka, na namwita hajibu. Sijawahi kuogopa namna ile. Nilipiga kelele, Mama Akoth akaja mbio, tukambeba mimi na yeye hadi nyumbani kwake kwenye zile kuta nene, tukamlaza sakafuni, tukamfunika leso zilizoloweshwa maji. Alirudi polepole. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza maharagwe yamemwagika kiasi gani. Kliniki walisema ni joto na presha pamoja, na kwamba tuliwahi.

Kile kipimajoto cha ziada kilikuwa kinaandika wakati huo wote. Nilikifungua baadaye. Saa nane na nusu, thelathini na sita. Saa tisa, thelathini na saba. Saa tisa na nusu, thelathini na nane. Takwimu tatu tu, kama zile ninazosoma kila siku za nyumba za watu, na safari hii nilizisoma nikilia.

Jioni ile, akiwa ameshakunywa uji, nilimwambia nitakuelezea wewe, na kwamba ile nyumba ya Barut itakuwa hivi hivi. Akanishika mkono. Akasema, "Usimwambie baba yako. Amejenga hiyo nyumba akiimba. Mimi nitaizoea." Nikamuuliza kama alijua itakuwa na joto. Akasema alijua tangu siku mlipokwenda kuangalia ploti, alipovua sweta na wewe ukabaki umevaa lako. Akaniapisha, nikaapa. Leo nimevunja kiapo, na yeye bado hajui. Nitamwomba msamaha mwenyewe.

Baba, mimi sikuwa nimezaliwa kaka yangu Kibii alipofariki. Lakini nimekua nikikuona kila jioni ukipita na kitambaa ukiziba nyufa za milango, na nilikuwa mkubwa tayari Mama aliponieleza kwamba Kibii alikuwa na umri wa miezi saba, kwamba ilikuwa Julai, kwamba nyumba ilikuwa ya mbao na upepo ulipita ndani, na homa ya mapafu ilimmaliza kwa siku tatu. Kwa hivyo najua yale madirisha madogo ni ya nani. Najua umejenga kwa ajili ya watu unaowapenda usipoteze mwingine. Hilo silibishi na sitalibisha. Baridi ilimchukua Kibii. Joto lilimshika Mama mbele yangu, na nilikuwa na yeye mikononi. Nakupenda, na najua hutaki kuandikiwa hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Ukija na kusema nyumba irudishwe ilivyokuwa, Kigen ataibomoa ile mistari na mimi nitambebea mawe. Njoo tu kwanza ukae ndani yake saa tisa mchana, kabla hujasema. Mama Akoth ameshasema ukija utakula samaki kwake, na usipokula vizuri atakuona mtu wa kujivuna. Daktari Wamaitha naye anataka kukuona shambani, ana maswali juu ya viazi, nadhani anataka kukunyang'anya kazi. Nisalimie wajomba wote, waambie sasa ninaweza kueleza kazi yangu kwa Kiswahili. Msalimie mchungaji, na yule ng'ombe pia.

Kitu kimoja hakijakwisha. Ukuta wa magharibi wa chumba chenu Kigen ameuacha wazi, hajajenga dirisha. Ukiweka lile la ukubwa wa sinia, ni ishirini na mbili kati ya mia. Ukiweka kubwa na likafunguliwa, ni kumi na moja. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia aweke kubwa, nikajishika. Wewe umechora, mimi nimepima, Daktari amehesabu, Kigen amejenga, na tangu uliponunua ile ploti, miaka miwili sasa, hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza Mama. Hata mimi, niliyemwinua pale chini, sikumuuliza.

Yuko hapo karibu yako. Weka barua chini, Baba, umwangalie, umuulize anataka dirisha lake liwe kubwa kiasi gani. Atakuambia lolote ni sawa. Usilikubali hilo jibu. Kaa kimya, umngoje, mpaka anyooshe mikono akuonyeshe.

Binti yenu anayengojea kipimo hicho,
Chepkemei